Wauza mbegu za nyanya, acheni kutudanganya sisi wenye kiangazi cha baridi!

Wadau, leo sina maneno matamu. Pakiti imeandikwa "siku 80" hadi kuvuna, na picha yake ni ya nyanya jekundu kubwa kama ngumi. Wasichokisema ni kwamba siku hizo huhesabiwa tangu mche unapohamishwa, siyo tangu mbegu iingie udongoni. Ongeza wiki sita hadi nane za kukuza mche. Na hizo 80 zenyewe ni za mahali penye joto! Kwetu, ambako kiangazi chenyewe unakipitisha ukiwa na sweta, msimu unakwisha nyanya zikiwa bado za kijani.

Ukilalamika unaambiwa, "Ongeza mbolea." Ya nini? Joto la usiku likishuka chini ya nyuzi 13 hivi, chavua haifanyi kazi vizuri, maua yanadondoka bila kushika tunda. Ukimwaga mbolea ya naitrojeni juu ya hapo, utavuna majani. Na sisi wa viwanja vya nyuma ya nyumba hatuna nafasi: miche imebanana, hewa haipiti, majani hayakauki. Mvua ikija na baridi yake, ugonjwa wa bakajani chelewa (late blight) unaingia na ndani ya siku chache shamba lako limekwisha. Muuzaji yuleyule anakutolea dawa ya ukungu. Kakuuzia tatizo, sasa anakuuzia na tiba!

Kinachonikera zaidi, mbegu za kutufaa zipo. Stupice, iliyotoka Chekoslovakia ya zamani, huzaa mapema. Oregon Spring na Legend zilizalishwa na Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, na hufunga tunda hata uchavushaji ukiwa hafifu. Nyanya ndogondogo nazo huvumilia baridi kuliko hayo madude makubwa. Lakini dukani nilipewa Brandywine, nyanya kubwa inayochelewa kuiva, eti "hii ndiyo tamu". Tamu kwa nani, ikiwa haiivi?

Na wale mtakaokuja na "zichume ziivie ndani", tulieni. Inayoivia ndani ni ile iliyokwisha kukomaa. Hizi zangu bado changa, zinasinyaa tu na kuoza.

Andikeni kwenye pakiti joto la usiku ambalo mmea unahitaji. Mstari mmoja tu, wino wake utagharimu nini? Na kama kuna aliyepanda Stupice kwenye ndoo karibu na ukuta unaopata jua, aje aseme ukweli: zilimwivia, au ni picha tu tena?