Beki tatu wa Cork

*Ukoo wa Mzee Kassim*

Dulla: Beki tatu, yaani beki wa kushoto, bora kuwahi kuvaa jezi ya Manchester United ni Evra. Mjadala umefungwa.

Mjomba Rashidi: Umefungwa na nani? Denis Irwin unamjua?

Dulla: Shikamoo mjomba 😂 Ndo nani huyo?

Mjomba Rashidi: Marahaba. Mtu wa Cork, Ireland. Walimtoa Oldham mwaka 1990 kwa pauni 625,000. Akakaa miaka 12, mechi 529, ubingwa wa ligi mara 7.

Da Mwanaidi: Na mguu wake ulikuwa wa kulia, Dulla. Kushoto alipangwa tu, akahamia jumla.

Dulla: Mbona klipu zake hazionekani?

Mjomba Rashidi: Klipu ya nini sasa? Winga kafika, kakuta hakupitiki, karudisha mpira kwa kipa wake. Nani atairusha hiyo? Mnamsifia winga wetu Giggs kupanda, mnadhani nyuma alimwachia nani?

Dulla: Kwa hiyo mkabaji tu.

Mjomba Rashidi: Mabao 33 yametoka wapi? Frii-kiki anapiga, penati anapiga. Kijana una haraka wewe.

Da Mwanaidi: Mie hadi leo inaniuma ile ya Anfield kwa Liverpool, Mei 1999. Kafunga penati vizuri, halafu refa kamlima njano ya pili eti kapiga mpira ulioshatoka. Nyekundu! Mtu mpole vile. Fainali ya Kombe la FA ikampita hivihivi.

Baba Zai: Refa Elleray. Sijamsamehe 😤

Mjomba Rashidi: Siku nne baada ya hiyo fainali, fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Barcelona, dhidi ya Bayern, alianza. Beki tatu yuleyule.

Dulla: Sawa, ila Evra…

Mjomba Rashidi: Evra namheshimu. Lakini Ferguson kawafundisha wote wawili. Na Cantona, na Keane, na Ronaldo. Alipoulizwa kikosi chake cha muda wote, alisema mwenye uhakika wa namba ni Irwin.

Dulla: Duh. Hiyo sikuijua.

Baba Zai: Kaandika "sikuijua"! Pigeni picha ya skrini haraka 😂😂

Shangazi Mwajuma: Jamani, natoka kuswali nakuta ujumbe 40 wa beki tatu. Huyo wa Ireland anajua kufua? Wangu kaondoka jana na sina mtu.