Ajali isiyoua: taarifa ya uchunguzi iwekwe wazi au ibaki kabatini?

Tarehe 28 Novemba 2023 ndege mbili za kampuni moja zilipata ajali siku hiyo hiyo kwenye kiwanja kimoja: Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Ya kwanza, iliyotoka Zanzibar, ilipata hitilafu ya gurudumu ikitua. Saa chache baadaye ya pili, ikitaka kuruka, iliacha njia ikagonga jengo la pembeni. Zote Embraer 120, ndege ya Brazili ya viti 30. Hakuna aliyekufa. Tukamshukuru Mungu, tukarushiana picha, tukahamia habari nyingine.

Msimamo wangu: ajali kama hizi zichunguzwe kwa uzito ule ule wa zile zinazoua, na taarifa itolewe hadharani, kwa Kiswahili. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, hakisubiri maiti. Ndege ikiharibika vibaya mwili wake, hiyo ni ajali, na lengo la uchunguzi ni kuzuia nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa.

Wapo wanaosema tutafukuza watalii. Naelewa, kuna madereva, waongoza watalii na wapishi wa kambi wanaoishi kwa kazi hiyo. Lakini picha mtalii ameshaziona. Asichokiona ni sababu, wala hatua zilizochukuliwa.

Hoja nyingine ni nzito zaidi: rubani akijua maneno yake yatasomwa na kila mtu, atafunga mdomo. Kweli. Ila kiambatisho hicho hicho kinalinda maelezo ya wahusika na sauti zilizorekodiwa chumba cha marubani. Sababu inaweza kuelezwa bila kumtaja mtu.

Na hapa ndipo panaponiuma. Bukoba, Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria, marubani wote wawili walikuwa miongoni mwa watu 19 waliofariki. Mikumi marubani walitoka hai. Nani atatueleza vizuri kuliko wao?

Halafu kuna uokoaji. Bukoba wavuvi ndio waliowahi kwa mitumbwi yao. Mbugani hakuna wavuvi. Ndege ya watu 30 ikigonga jengo na mafuta yamo tangini, gari la zimamoto linatoka wapi, na linafika baada ya dakika ngapi?

Mnaopinga, nijibuni hilo la zimamoto kwanza. Na mliowahi kufanya kazi kwenye viwanja vya hifadhini, tuambieni hali ilivyo huko.