Kwa hiyo chuo kinaishia getini? Tunaoishi nyuma ya ukuta tumechoka

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Jumatano iliyopita, saa 4 usiku kasoro, nilisikia miguu inakimbia uchochoroni, kisha mlango wangu ukagongwa kwa viganja viwili. Nafungua, nakuta binti wa mwaka wa kwanza. Kiatu kimoja mguuni, mkoba umekatwa, umebaki mkanda tu begani. Alikuwa anatoka maktaba. Nikapiga namba ya dharura ya ulinzi wa chuo, ile waliyoibandika kila nguzo kule ndani. Aliyepokea hakuuliza kama kuna aliyeumia. Aliuliza: "Tukio limetokea ndani au nje ya geti?" Nikamwambia nje, hatua kama sitini hivi. Akajibu huko si kwao, nipige polisi. Polisi nao wakataka kujua kwa nini chuo hakijatoa taarifa.

Hatua sitini! Nikisimama barazani kwangu taa za geti naziona. Zimeelekezwa ndani zote. Huku nje nguzo zipo tatu, na inayowaka ni moja.

Msiniambie mtaa si mali ya chuo. Chuo kinadahili wanafunzi wengi kuliko vitanda vyake, kila mwaka, na kinajua. Waliokosa hosteli wanakuja kwetu. Maana yake njia ya kutoka maktaba hadi vyumbani mwao ni njia ya chuo, wapende wasipende.

Wenye nyumba nao wasijifiche nyuma ya hasira yangu kwa chuo. Chumba kimoja kinagawanywa kwa plaiwudi kuwa viwili, madirisha yana nondo zisizofunguka, mlango wa kutokea ni mmoja. Siku moto ukiwaka tutatoa maiti humo. Taa ya nje wanaizima kubana bili ya umeme, halafu uongozi wa mtaa unatukusanya kuongelea muziki wa wanafunzi. Kelele zinakera, ndiyo, ila si za kuwekwa mbele ya moto na visu.

Na haya mambo yanawezekana. Marekani wana sheria ya mwaka 1990, ikarekebishwa 1998, inayovibana vyuo kutangaza takwimu za uhalifu kila mwaka, pamoja na ule wa barabara za umma zinazopakana na kampasi. Chuo hakiwezi kusema "nje ya geti" kikaishia hapo. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kule Philadelphia, kilizinduka mwaka 1996 baada ya mtafiti wake kuuawa kwa kisu mtaani, jirani na kampasi. Kikachangia gharama za taa za nje na wenye nyumba, kikawasaidia wafanyakazi wake kununua nyumba mitaa ileile, na mwaka 1997 ikaundwa taasisi ya kushughulikia usalama na usafi wa eneo lote, ndani na nje ya kampasi. Baadaye nyumba zikapanda bei na wenyeji wengine wakalalamika, na wana haki, hilo lizuiwe mapema. Lakini taa ziliwaka.

Kilichoniuma zaidi ya yote ni hiki. Nilipomsindikiza yule binti kwake, kumbe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mwezi wa tano sasa. Sijawahi kumsalimia. Aligonga kwangu kwa sababu ni dirisha pekee lililokuwa na mwanga, hakujua ni kwa nani. Tumezoea kusema "hao wa kupita tu", nao wanatuona sisi ni wenye kelele za malalamiko, na mwizi anapita katikati yetu akijua hakuna atakayemuita mwenzake kwa jina.

Jumatatu napeleka barua kwa uongozi wa chuo. Doria ifike mwisho wa vyumba vya wanafunzi. Taa za nguzo zitengenezwe, na matukio ya nje ya geti yabandikwe ubaoni kama ya ndani. Kabla chuo hakijampeleka mwanafunzi kwenye nyumba yoyote, kwanza kiikague. Binti ameshasaini, na wenzake saba. Majirani waliosaini ni wawili, mimi nikiwemo.

Mnaoishi nyuma ya vyuo vingine, naomba mniambie: nani aliwasikiliza kwanza, na mlimbana vipi mpaka akatoka nje ya geti?