Mjadala: Kugeuza nafasi 12 kwenye gridi (mpangilio wa kuanza mbio) ya Formula 3, kubaki au kufutwa?

HOJA: Kila raundi ya FIA Formula 3 (F3), mashindano ya magari ya madereva chipukizi chini ya F2 na F1, ina mbio mbili. Kipindi cha kufuzu ni dakika 30, na matokeo yake ndiyo gridi ya mbio kuu. Kwa mbio fupi, zinazotangulia, 12 wa kwanza hugeuzwa: aliyefuzu wa 12 anaanza mbele, aliyeongoza anaanza wa 12. F2 hugeuza 10. Je, ni haki?

Mpimaji: Kwanza tupige hesabu, tuchukulie kila mtu anamaliza pale alipoanzia. Pointi za mbio kuu ni 25-18-15-12-10-8-6-4-2-1, mbio fupi ni 10 kushuka hadi 1 kwa kumi bora, na aliyeongoza kufuzu anapewa 2 za ziada. Wa kwanza anaondoka na 27, wa pili 18, wa tatu 16, wa nne 14. Sasa angalieni huku chini: wa nane 10, wa tisa 9, wa kumi 9, wa 11 anapata 9, wa 12 anapata 10. Yaani kufuzu wa nane na kufuzu wa 12 ni kitu kilekile! Halafu wa 13 anapata sifuri. Kwangu hilo ndilo tatizo, wala si huyo wa kwanza anayesemekana kila siku kuwa anaonewa. 27 zake hazijaguswa na mtu.

KonaYaKwanza: Mkuu, hesabu yako inafaa Monaco tu, kwenye barabara nyembamba za mji ambako kumpita mtu ni shida. Spa au Monza hakuna anayemaliza alipoanzia. Gari lenye kasi likianza wa 12 lina sehemu ndefu zilizonyooka na breki nzito za kupitia wenzake, na hapo ndipo wakuu wa timu wanapoona nani anajua kuovateki. Magari ni Dallara yaleyale na injini ileile ya V6 ya Mecachrome kwa wote 30. Ukiacha wenye kasi waanze mbele mara zote mbili, mbio ya pili inakuwa nakala ya ya kwanza.

Spana: Anajua kuovateki, sawa, lakini kwa tairi zipi? Akifuata kwa karibu anakaa kwenye hewa iliyovurugwa. Bawa la mbele linapoteza mgandamizo wa hewa unaolibana gari kwenye lami, pua inakataa kuingia konani, dereva anazidisha usukani na tairi za mbele zinaserereka hadi uso wake unachemka. Akitoka konani anawahi kukanyaga mafuta ili kufidia, na za nyuma nazo zinafuata. Kisha kuna msafara wa DRS, yaani bawa la nyuma linalofunguka kuongeza kasi ukiwa chini ya sekunde moja nyuma ya mwenzako: kila gari liko chini ya sekunde moja nyuma ya lililo mbele yake, wote wanafungua bawa isipokuwa kiongozi, kwa hiyo anayeshambulia na anayeshambuliwa wana kasi ileile. F3 haina kituo cha lazima cha kubadili tairi, kwa hiyo huwezi kumruka mtu kwa mkakati wa pit.

KonaYaKwanza: Ndiyo maana ni shule. Dereva mjanja haning'inii nyuma ya bawa la mwenzake mzunguko mzima. Kwenye kona za kasi anaachia mwanya ili tairi zipumue, kisha anauziba kwenye kona ya mwisho kabla ya mstari wa kupimia, ili awe ndani ya sekunde moja pale tu inapohesabika. Ukimlea kwa kuanza mbele tu, atajifunzia wapi?

Swali la mgeni: Kwani mtu hawezi kujilegeza makusudi ili afuzu wa 12?

Mpimaji: Kwenye karatasi inawezekana, kwenye lami ni kamari. Katikati ya gridi nafasi kadhaa hutenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde. Ukikosea kidogo, wewe ni wa 13. Na hata ukipatia, mzunguko wa mtu aliye mbele yako ukifutwa kwa kutoka nje ya mipaka ya njia, unapanda hadi wa 11, na mbio fupi unaanza wa pili.

Spana: Basi wageuze nane. Kwa kipimo chako, wa nane atapata 14, wa saba 15, wa sita 16, hadi wa kwanza 30. Ngazi inapanda vizuri.

Mpimaji: Ngazi ya juu, ndiyo. Ila wa tisa anabaki na 4, pengo la pointi 10 kati yake na wa nane. Mporomoko ni uleule wa wa 12 na wa 13, umehamishwa tu. Hata hivyo ningeukubali, kwa sababu angalau kila nafasi unayopanda inakulipa.

KonaYaKwanza: Na ubingwa? Mwaka 2024 Leonardo Fornaroli alitwaa taji bila kushinda mbio hata moja, alikusanya tu raundi baada ya raundi. Mfumo huu unamlipa asiyeharibu gari.

Spana: Hapo umenisaidia mimi. Bingwa wa F3 anapata pointi 30 kati ya 40 zinazotakiwa kwa leseni kuu, ile inayomruhusu dereva kushindana F1. Mzigo huo hauwezi kutegemea bawa la mbele kuvunjwa kona ya kwanza na mtu ambaye kwa kasi yake halisi angekuwa nyuma yako. Pendekezo langu: nane kwa viwanja vyote, na Monaco isigeuzwe kabisa. Pale gridi ya mbio fupi ipangwe kwa mzunguko wa pili kwa ubora wa kila dereva, kama baadhi ya mashindano ya F4, ngazi iliyo chini ya F3, yanavyofanya.

KonaYaKwanza: Monaco nakubali. Nane, bado.