Mrejesho: yule wa moyo kwenda mbio ndani ya daladala

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa tatu niliuliza kuhusu moyo kunienda mbio ghafla nikiwa kwenye daladala, vidole vinakufa ganzi, pumzi inakata, naona kabisa nakufa. Wengine mlisema presha, wengine nimerogwa. (Mama mkwe alishaanza kuulizia mganga.)

Aliyenisihi nikapime moyo kwanza, asante. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) safi, sukari safi, damu safi, hata tezi ya shingoni. Nikakasirika, maana nilitaka waone kitu! Daktari akasema ni shambulio la hofu: mwili unamwaga adrenalini kana kwamba simba yuko mlangoni, na simba hayupo. Ganzi ndiyo iliyonishangaza. Kumbe ukihema harakaharaka unatoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi, ndiyo vinakuja ganzi na kizunguzungu. Mimi nikidhani nakosa hewa nazidi kuhema, kumbe nachochea moto mwenyewe.

Sasa likija sishuki. Natoa pumzi polepole, ndefu kuliko ninayovuta, nasubiri. Mara nyingi linafika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha linashuka lenyewe. Mshauri nasaha anasema kule kukimbilia kushuka njiani ndiko kulikokuwa kunailisha hofu. Vinywaji vya kuongeza nguvu nimeacha. Kahawa bado tunagombana.

Wiki hii limenijia mara moja tu, Ubungo kwenye foleni. Konda akaniuliza, "Dada, unashuka?" Nikamwambia twende.