Kutafiti historia ya mtaa wa Kaloleni katika Maktaba ya McMillan: nianzie wapi?

Mwalimu wa Eastlands ameuliza:

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari upande wa Eastlands, Nairobi, na ningependa wanafunzi wangu waandike historia ya mtaa wa Kaloleni, ambao manispaa iliujenga katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika na familia zao. Sitaki wanakili vitabu vya kiada. Nataka washike gazeti la wakati ule, walisome, kisha waulizane limesema nini na limeacha nini. Nimeelekezwa kwenye Maktaba ya McMillan, iliyoko Barabara ya Banda karibu na Msikiti wa Jamia, kwa kuwa ina magazeti ya enzi za ukoloni.

Naomba kusaidiwa kwa mambo mawili. Kwanza, mtu hutafutaje habari ya mtaa mmoja katika magazeti ya miaka mingi kiasi hicho? Pili, maktaba yenyewe ilianzaje? Wazazi wa wanafunzi wangu wamekuwa wakilipita jengo lile, lenye nguzo ndefu na simba wawili wa mawe mlangoni, bila kudhani kwamba wana haki ya kuingia, nami ningependa niwaeleze sababu kwa usahihi.

Mkutubi Mstaafu amejibu:

Mwalimu, naomba nianze na swali lako la pili, kwa maana ukilijua jibu lake utayasoma hayo magazeti kwa jicho jingine.

Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na mashamba makubwa upande wa Juja na Ol Donyo Sabuk, akafariki mwaka 1925 na kuzikwa katika mlima huo wa Ol Donyo Sabuk. Mjane wake, Lucie McMillan, ndiye aliyeisimamia kazi ya kumjengea ukumbusho huo, na shirika la Carnegie la Marekani likachangia. Mwaka 1938 ikatungiwa sheria yake yenyewe, jambo ambalo ni majengo machache sana nchini yaliyolipata.

Lakini ilijengwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kusoma humo mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni, na usimamizi wake ukaingia mikononi mwa Halmashauri ya Jiji la Nairobi mwaka 1962. Kwa hiyo mzazi anayeliogopa jengo lile hakosei kumbukumbu. Alirithi woga huo kwa mtu ambaye kweli alizuiwa mlangoni. Tafadhali waambie wanafunzi wako jambo hili waziwazi kabla hawajaingia, kisha uwaambie kwamba leo ni mali ya umma chini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, na kwamba mhudumu aliye pale kazi yake ni kuwahudumia wao.

Kuhusu taratibu, magazeti ya zamani kwa kawaida hufungwa pamoja katika majalada makubwa kwa kufuata miezi, na karatasi zake huvunjika upesi. Andikeni kwa penseli, msiegemee jalada kwa viwiko, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Zaidi ya yote, mwalimu atangulie peke yake, azungumze na wahudumu, ahakikishe kwamba majalada anayoyahitaji yanaweza kutolewa siku hiyo, ndipo awalete wanafunzi kwa makundi madogo.

Mtafiti wa Nairobi amejibu:

Ninaongezea kuhusu swali la kwanza. Usimwombe mhudumu "habari za Kaloleni", kwa sababu majalada yamepangwa kwa tarehe, hayakupangwa kwa mada. Nenda na tarehe mkononi.

Ukumbi wa Kaloleni unakupa tarehe nzuri kuliko zote. Tarehe 23 Aprili 1950 chama cha siasa cha Waafrika wa Kenya, KAU, na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, EAINC, vilifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi huo, na Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akatoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Nairobi ilikuwa imepewa hadhi ya jiji tarehe 30 Machi mwaka huohuo, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimezipinga sherehe hizo. Katikati ya Mei Makhan Singh na kiongozi mwenzake Fred Kubai wakakamatwa, na mgomo mkubwa ukafuata. Ukiomba majalada ya kuanzia Machi hadi Mei 1950 utakuwa umepata kazi ya muhula mzima: wanafunzi walinganishe nafasi waliyopewa wageni waliokuja kwenye sherehe za jiji na nafasi waliyopewa watu waliogoma. Wapime hata kwa rula.

Nisisitize pia kwamba gazeti ni shahidi mwenye upande wake. East African Standard lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee kwa jina la African Standard, lakini mwaka 1905 akaliuza kwa Wazungu, na kutoka hapo likawa sauti ya walowezi. Mkazi wa Kaloleni anaonekana humo mara nyingi kama tatizo la polisi au la afya, mara chache kama mtu mwenye maoni. Ili kuziba pengo hilo, nendeni pia kwenye Nyaraka za Kitaifa, katika jengo lililokuwa benki kwenye Barabara ya Moi, mkaulize majalada ya manispaa yanayohusu makazi ya Waafrika. Tom Askwith, aliyekuwa ofisa wa manispaa wa mambo ya Waafrika kuanzia mwaka 1945, ni jina la kuanzia kutafutia. Hata hivyo huyo naye alikuwa mtumishi wa serikali ileile, kwa hiyo maswali ni yaleyale.

Mkazi wa Makadara amejibu:

Mwalimu, mbona hakuna aliyekutajia maktaba iliyo mtaani kwenu? McMillan ina matawi mawili Eastlands, moja Kaloleni na jingine Makadara, na yote mawili yamekarabatiwa na Book Bunk, taasisi iliyoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka mwaka 2017, kwa makubaliano na kaunti. Mimi ningeanzia hapo. Wanafunzi watajifunza kutumia rafu na kuomba kitabu bila nauli ya kwenda mjini, na wazee wa Kaloleni wanaweza kufika kwa miguu wakakaa nao meza moja. Mzee aliyekulia katika nyumba zile atakwambia nani alikuwa jirani ya nani, bomba la maji lilikuwa wapi, na ukumbi ulijaa siku gani, mambo ambayo hamtayapata katika jalada lolote mjini.

Mwalimu wa Eastlands ameandika tena:

Nawashukuru sana. Nimeamua tuanzie tawi la Kaloleni pamoja na wazee, kisha twende mjini na miezi ile mitatu ya 1950. Swali moja limebaki: je, niwaonyeshe wazee nakala za magazeti kabla ya kuwahoji, au baadaye?

Mtafiti wa Nairobi amejibu:

Baadaye. Ukitangulia na gazeti, mzee atajibu lile aliloliona limeandikwa. Mwache kwanza aseme analokumbuka, mliandike kwa maneno yake mwenyewe, kisha mrudi kwake na nakala, mumsomee, na muandike pia anapokubaliana nalo na anapolikataa.