UKOO WA KIBOSHO 🌿 (familia tu, matangazo hapana)

Alhamisi

19:02 Mama Glory: Bwana asifiwe. Zile beri nyeusi za nyumbani zimeiva. Jumamosi saa 1 asubuhi tukutane kihambani tuchume. Naomba majina.

19:03 Mama Glory: Zinatibu kisukari, presha na macho. Dada mkubwa ndiyo dawa yake hii.

19:31 Mama Glory: Tiki za bluu naziona jamani.

19:40 Baba Junior: Jumamosi kuna mpira dada

19:41 Godi: Zinatibu na Uyanga? 😂

19:41 Baba Junior: 😂😂 huo ni sugu

19:44 Mama Glory: Haya chekeni. Beri haisubiri mtu, siku 2 au 3 imeota ukungu hata ndani ya friji.

19:58 Neema: Shikamooni. Mama mdogo usiandike "zinatibu", mtu ataacha vidonge vyake hapa. Sukari yake ni ndogo, gramu 100 za beri zina kama gramu 5, ndizi mbivu inafika 12. Nyuzinyuzi nazo kama gramu 5, ndizo zinazofanya sukari isipande kwa kasi. Vitamini C miligramu 21. Tunda zuri, ila si dawa.

20:00 Mama Glory: Marahaba mwanangu. Basi tusage juisi, tuchuje, tutie sukari kidogo.

20:01 Neema: Ukichuja umemwaga nyuzinyuzi karibu zote, halafu sukari uliyoikimbia unairudisha kwa kijiko 🙈 Azile nzima. Zinazobaki weka friza hivyohivyo.

20:03 Neema: Na mama mkubwa bado anameza warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda? Beri zina vitamini K, inasaidia damu kuganda. Si nyingi, ila asianze ghafla bakuli kila siku. Aulize kliniki kwanza.

20:05 Mama Glory: Mbona mchicha anakula?

20:06 Neema: Anakula kiasi kilekile siku zote, na dozi imepangwa kufuata hicho. Shida ni kubadilisha ghafla.

20:14 Mama Eva: Ni zile forosadi?

20:15 Baba Junior: Forosadi ni mti mama Eva. Hizi za miiba, muulize Eli alivyozishukia na panga

20:22 Eli: Nilifyeka magugu. Ninyi wote mlikuwa Arusha.

20:24 Mama Glory: Magugu! Tawi la mwaka huu ndilo linalozaa mwakani Eli. Linakatwa lililokwisha kuzaa, wewe ukakata machanga. Mwaka jana hatukuonja hata moja.

20:25 Eli: Sawa. Tukianza kuhesabu, na hela za maparachichi tuhesabu?

20:25 Mama Glory: *Ujumbe huu umefutwa*

20:26 Mama Glory: Hayo tulimaliza Pasaka.

20:26 Eli: Mlimaliza ninyi.

20:31 Godi: Mbege itakuwepo lakini?

Ijumaa

06:12 Babu (naandika mimi Doreen): Babu anasema: Nimesomewa yote. Beri hizo alizipanda mama yenu. Hazitauzwa na hazitagombewa. Dada yenu apelekewe za kwanza, daktari akikubali ale kiganja kimoja. Eli na Glory mtachuma kichaka kimoja. Na msichume zinazong'aa, hizo bado chachu. Ngojeni weusi ufifie, tunda litoke bila kuvutwa.

06:13 Mama Glory: Shikamoo baba. Tumesikia.

06:40 Eli: Shikamoo baba.

06:55 Baba Junior: Shikamoo baba. Nitawahi kabla ya mpira

07:10 Mama Glory: Haya. Nani ana Noah? Wa Arusha washuke na deli 2. Ndoo msilete, za chini zinapondeka. Leteni mabakuli mapana.

11:48 Mama Glory: Noah?

13:05 Mama Eva: Nitachangia nauli, kuja sijui, nina kikoba.

16:30 Eli: Noah ipo. Mafuta anaweka nani?

16:31 Godi: Yatoke kwenye maparachichi 😂

16:31 Baba Junior: 😂😂😂

16:50 Mama Glory: Godi nyamaza. Eli pokea simu.